Gololi Tulizopepeta Kibondo

Mwaka wangu wa kwanza Kasulu hapakuwa na mtu wa kuniita kwa jina langu. Kazini niliitwa fundi, kwa mwenye nyumba niliitwa mpangaji, na sokoni, nikifungua mdomo tu, wauza maharage walijua nimetoka mbali. "Huyu wa pwani," waliambiana, kisha wakaendelea na Kiha chao, nami nikabaki nimeshika maharage mkononi kama mtu anayeyachunguza. Nilikuwa nimetoka Tanga, nina miaka thelathini na sita, nimekuja kuendesha mashine ambayo karakana moja ya vyuma pale mjini ilikuwa imeinunua bila kuwa na mtu anayeijua.

Mashine yenyewe si ngumu kuieleza. Kuna kompresa inayosukuma upepo, kuna mtungi wa chuma uliojaa gololi ndogo ndogo, na kuna mpira mnene wenye mdomo mgumu mwishoni. Upepo unazibeba gololi na kuzirusha kwenye chuma, nazo zinaondoa kutu, rangi ya zamani, na ule weusi unaobaki palipochomelewa. Wengi huita kazi hiyo kupiga mchanga, kwa sababu zamani ulitumika mchanga wenyewe, mpaka ulipowaharibia mafundi wengi mapafu. Anayepiga huvaa kofia kubwa inayofunika kichwa hadi mabegani, yenye kioo mbele na bomba la hewa nyuma. Ndani ya kofia ile husikii kitu isipokuwa upepo na pumzi zako.

Mume wangu alibaki Tanga. Mwanzoni tulipigiana simu kila siku, baadaye kila Ijumaa, baadaye akawa ananitumia ujumbe wa maneno mawili, "Uko salama?" nami najibu neno moja. Sikuwa na la kumlaumu. Mimi ndiye niliyepanda basi. Mwezi wa Ramadhani nilifuturu peke yangu chumbani, ndizi za kuchemsha na chai, nikisikiliza watoto wa mwenye nyumba wakicheka upande wa pili wa ukuta kwa lugha nisiyoielewa.

Mwaka huo karakana ikapata kazi kubwa. Kituo kimoja cha afya huko Kibondo kilikuwa kinajenga wodi mpya ya wazazi, na kilitaka masinki, meza na kabati za stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu. Wachomeleaji wetu walizitengeneza vizuri. Iliyobaki ilikuwa kazi yangu: kuondoa alama za bluu na kahawia kandokando ya weldi, na kuufanya uso wote uwe wa rangi moja, usiong'aa machoni.

Hapo ndipo gololi zinapoleta maneno. Chuma cha kawaida unaweza kukipiga kwa gololi za chuma cha kawaida, kisha ukakipaka rangi, yakaisha. Stenlesi haipakwi rangi. Ukiipiga kwa gololi za kawaida, kila gololi inaacha pale ilipogonga vumbi la chuma chake, dogo kiasi ambacho jicho halioni. Siku hiyo kazi inapendeza. Baadaye unyevu ukiingia, lile vumbi linashika kutu, na ile stenlesi isiyojua kutu inaonekana kama ngozi ya mgonjwa. Kwa hiyo stenlesi hupigwa kwa gololi za stenlesi. Hilo nilifundishwa na fundi wangu wa kwanza hata kabla hajaniruhusu kushika mpira.

Mwenye karakana alileta magunia mawili kutoka Mwanza. Gololi zilikuwa zinang'aa sana. Nilichota kiganja kimoja nikakiweka kwenye sahani, nikamwagia maji ya chumvi, nikakiacha mpaka asubuhi. Asubuhi maji yalikuwa na rangi ya chai.

Nilimpelekea ile sahani ofisini kwake.

"Bosi, hizi si stenlesi."

Aliitazama bila kuishika. "Mwenye duka ameniambia ni stenlesi."

"Zimeshika kutu usiku mmoja."

"Umezimwagia chumvi, fundi. Nani ataosha masinki kwa chumvi?"

"Dawa wanazooshea hospitali ni kali kuliko chumvi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi kukabidhi kazi mwisho wa wiki ile, na gololi nyingine zingetoka Dar es Salaam, ambako basi na mizigo yake lingechukua siku zake. "Piga hizi hizi," akasema. "Pita haraka haraka. Hakuna atakayejua."

Mimi nilijua. Hilo ndilo ninalotaka kulisema bila kulizungusha. Nilijua, nikavaa kofia yangu, nikapiga kazi yote kwa siku nne. Sikuwa na mtu wa kumuuliza nifanye nini. Nadhani pia niliogopa kuwa yule mgeni anayeleta shida. Nilipomaliza, vyombo vilikuwa na rangi ya fedha iliyotulia, na wenzangu wakanisifu. Ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa Kasulu, na sikuifurahia.

Mvua zilipokolea, simu ikaja kutoka Kibondo. Bosi alinichukua kwenye gari lake dogo la mizigo, tukaenda. Njiani, tulipopita Makere, alisema maneno haya tu: "Tukifika, tunasema bati la stenlesi lilikuwa baya. Waliotuuzia bati ndio wenye makosa. Umenielewa?" Sikumjibu, naye akahesabu kimya changu kuwa ndiyo.

Muuguzi mkuu wa kile kituo alikuwa mama wa makamo, mtu wa Songea, aliyehamishiwa Kibondo kikazi kama mimi nilivyoletwa Kasulu na mashine. Alitupeleka wodini moja kwa moja. Wodi ilikuwa bado haijafunguliwa. Meza ya kujifungulia ilikuwa imejaa vidoa vya kahawia, vingi kama madoa ya ugonjwa kwenye majani ya kahawa, na sinki la kuoshea vyombo lilikuwa na michirizi mpaka chini. Alipitisha pamba nyeupe, akatuonyesha. Pamba ilikuwa nyekundu.

"Mzee," alimwambia bosi, "mimi siwezi kumlaza mama hapa."

Bosi akaanza habari za bati. Akaeleza vizuri, kwa heshima, akataja unene wake na lilikotoka. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe fundi, unasemaje?"

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nje mvua ilikuwa inapiga bati la mapokezi. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Bati ni zima, Sista. Nilipiga kwa gololi zisizofaa. Nilijua hazifai."

Bosi hakunikatiza. Alitoka nje akasimama kwenye mvua kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Muuguzi aliniuliza, "Zinatengenezeka?"

"Zinatengenezeka."

"Basi tengeneza."

Tulirudi Kasulu siku hiyo hiyo. Kesho yake bosi aliniandikia ujumbe, na sisi tuko ndani ya uzio mmoja: nihamie Kibondo na mashine ndogo mpaka kazi iishe, niagize mwenyewe gololi ninazozitaka. Karakana nzima ilikuwa imeshasikia. Wakati wa chakula cha mchana, wenzangu walikula upande wa pili wa gari bovu lililokuwa uani. Hakuna aliyenitukana. Waliniachia sahani yangu palepale nilipozoea kukaa, yenye ugali wa muhogo na maharage, ikiwa na nafasi kubwa kila upande.

Nikampigia muuzaji wa Dar es Salaam. Aliniuliza ukubwa, na hapo niliwaza siku mbili. Gololi kubwa hugonga kwa nguvu na kumaliza haraka, lakini bati la masinki ni jembamba. Ukilipiga upande mmoja kwa gololi kubwa, linajikunja kama ngozi iliyoanikwa juani. Gololi ndogo hazina nguvu hiyo, ila kwenye kilo moja zipo nyingi zaidi, na zinafunika uso wote bila kuacha mapengo. Nikamwambia nataka ndogo, saizi ya punje ya ulezi, zilizoviringana, si vile vipande vya waya vilivyokatwa ambavyo kingo zake bado ni kali na huchora. Akasema, "Umesomeka, dada." Zikaja kwa basi, mifuko sita midogo mizito.

Kabla ya kuifungua nilisafisha mashine. Ukimimina gololi safi kwenye mtungi wenye vumbi la zile za zamani, umerudi ulikotoka. Niliuosha mtungi, nikabadilisha mpira na mdomo wake, nikatandika turubai jipya chini ya kibanda tulichosimamisha nyuma ya kituo. Masinki na meza nilivipaka kwanza dawa ya asidi inayokula kutu, nikaosha kwa maji mengi. Kazi hiyo ilinichukua wiki nzima. Nilipewa chumba cha mlinzi ambacho hakikuwa na mlinzi. Jioni nilikaa mlangoni nikitazama vilima vikipotelea kwenye ukungu, na nilipogundua kwamba siku nzima sijasema neno, nilijisemea neno lolote ili kuhakikisha sauti ipo.

Siku nilipofungua mifuko, roho iliniuma. Chumvi ilithibitisha kwamba ni stenlesi, maji yalibaki meupe. Lakini ndani zilichanganyika: gololi zilizoviringana, na katikati yake vile vipande vya waya, na nyingine zilizopasuka nusu. Kumrudishia muuzaji ni wiki nyingine mbili. Chujio halikusaidia, kwa sababu vipande na gololi vilikuwa na ukubwa mmoja. Nikakaa chini kwenye turubai, nikaanza kutoa kimoja kimoja kwa kucha.

Pembeni ya kibanda changu kulikuwa na chigonela, nyumba ya akina mama wanaotoka vijiji vya mbali na kusubiri hapo mpaka siku zao zifike. Wiki ile alikuwamo mmoja tu. Tangu nifike nilimwona ameketi kwenye benchi, kitenge cha kijani, tumbo kubwa, anachambua maharage. Tulikuwa tunasalimiana asubuhi, "Mwakeye," neno pekee la Kiha nililokuwa na uhakika nalo, kisha kila mtu anarudi kwenye ukimya wake.

Siku hiyo aliinuka akaja polepole, mkono mmoja kiunoni. Akanitazama nikichokonoa.

"Dada, wafanya nini?"

"Natenga. Hizi za mviringo nazitaka. Hizi zenye ncha sizitaki."

Akacheka kidogo, akarudi ndani, akaja na ungo wake. Akakaa kwa shida, akanyoosha miguu, akamimina kiganja cha gololi kwenye ungo na kuuinamisha kidogo tu. Akautikisa kwa vidole, taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Zile za mviringo zilianza kukimbia, zikateleza mpaka ukingoni, zikadondoka kwenye beseni. Vipande vilibaki juu, vimeng'ang'ania nyufa za ungo.

"Nzima zakimbia," alisema. "Mbovu zakaa. Ni kama maharage, lakini maharage mabovu ndiyo yaruka."

Nikajaribu mimi. Nilitikisa kwa nguvu, zote zikamwagika.

"Buhoro," aliniambia. "Buhoro buhoro. Usizifukuze."

Tulipepeta siku tano. Sikumwomba, alikuja mwenyewe kila asubuhi baada ya kupimwa. Muuguzi alipita akatukuta, akaniambia nisimchoshe, na yule mama akajibu kwamba kilichokuwa kinamchosha ni lile benchi. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na Kiha changu hakikuwepo, kwa hiyo tulizungumza kidogo kidogo, na katikati tuliacha gololi ziseme. Mume wake alikuwa Urambo kwenye mashamba ya tumbaku. Mimba ya kabla ya hii, uchungu ulimshika nyumbani, wakambeba kwa baiskeli, mtoto akafia njiani. Alinieleza hayo huku anatikisa ungo, bila kuacha.

"Ndiyo maana nimekuja mapema," alisema. "Nimekaa hapa wiki nne. Mtu mmoja kaja kuniona, mara moja."

"Mimi hajaja hata mmoja," nikamwambia.

"Wewe nakuona mimi."

Nilichota gololi nyingine nikamimina kwenye ungo wake. Naye aliniuliza kama nina mtoto, nikasema sina, na hakuniambia pole wala kwamba Mungu atanipa. Alisema tu, "Ego," ndiyo, kama mtu anayepokea kitu na kukiweka chini kwa uangalifu.

Siku ya sita gololi zilitosha, nikaanza kupiga. Nilianza na meza ya kujifungulia. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha bati, nikashusha upepo mpaka nikaona bati halijikunji, kisha nikaenda mistari iliyonyooka, juu kwenda chini, nikiushika mdomo wa mpira mbali kiasi cha mkono. Meza ilianza kubadilika mbele ya kioo changu, kidoa kwa kidoa, ikawa na rangi ya maji ya alfajiri. Niliridhika kuliko nilivyowahi kuridhika na kazi yoyote. Nilipiga kwa muda wa saa tatu bila kupumzika, nikizima upepo mara moja moja ili kurudisha gololi mtungini, bila hata kuvua kofia.

Nilipovua, benchi lilikuwa tupu. Ungo ulikuwa umeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda changu. Mbele ya kituo matairi ya gari la wagonjwa yalikuwa yamechora tope jipya.

Muuguzi nilimkuta anaosha mikono.

"Amejifungua?"

"Msichana. Mtoto mzima kabisa. Lakini mama alivuja damu nyingi, tumempeleka hospitali mjini." Alifunga bomba. "Alikuja kwako kabla. Alisimama pale kwenye turubai akakuita mara mbili. Nilimwona nikiwa dirishani."

"Sikusikia."

"Najua. Na yeye alijua. Aliniambia, 'Mwache, anafanya kazi.'"

Nilirudi kwenye kibanda nikakaa. Baadaye nilivaa kofia tena, kwa sababu masinki yalikuwa yananisubiri na sikuona mahali pengine pa kwenda. Humo ndani nililia, na nadhani hakuna aliyejua. Kioo kilipata ukungu, ikabidi nisimamishe kazi ningoje kikauke.

Siku ya tatu muuguzi aliniambia mama yule amepata nafuu, ameongezewa damu, mama mkwe wake amefika. Nikajua atarudi kuchukua vitu vyake, nikanunua sabuni na kanga ya mtoto dukani. Hakurudi. Walitoka hospitali wakapanda gari la kijijini kwao moja kwa moja, na mdogo wake ndiye aliyekuja kukusanya nguo na ungo. Nilimpa ile kanga ampelekee. Nilimuuliza kijiji, akanitajia, akasema ni mbali, na kipindi cha mvua pikipiki haifiki. Sikwenda. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikwenda hata kiangazi, na jibu ninaloliona ni kwamba niliogopa kufika na kukuta hana la kuniambia, kwamba zile siku tano zilikuwa kubwa kwangu peke yangu.

Kazi niliimaliza wiki mbili baadaye. Muuguzi hakuipokea siku hiyo hiyo. Alifunika vyombo kwa mashuka yenye maji ya dawa, akaviacha siku saba, na mimi nikasubiri. Siku ya saba alipitisha pamba kwenye meza, kwenye kona za masinki, chini ya ukingo ambako hata mimi nisingetazama. Pamba ilibaki nyeupe. Alisaini karatasi, akanipa mkono, akaniambia, "Ungenidanganya siku ile, nisingejua." Nikamwambia najua.

Nilirudi Kasulu na mashine. Bosi hakunifukuza, maana hapakuwa na mwingine wa kuiendesha, na nadhani pia aliona aibu, ingawa hakuisema. Wenzangu walirudi kula nami polepole, kwanza mmoja, baadaye wawili. Zile salamu za Tanga zilikoma mwezi wa nane, bila ugomvi. Nilihamia chumba kingine karibu na chuo cha ualimu, ambako walimu wanafunzi huimba asubuhi wakifagia uwanja.

Kabla mwaka haujaisha tukapata kazi ya vitanda vya bweni, chuma cha kawaida, cha kupaka rangi. Bosi aliingia kibandani kwangu na mfuko mkononi, akauweka chini, akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia humo tangu siku ya Kibondo.

"Hizi je?" aliuliza.

Nilichota kiganja, nikazitazama kwenye mwanga. Zilikuwa gololi za chuma cha kawaida, kubwa kidogo, nzima.

"Kwa vitanda zinafaa," nikamwambia. "Tunapaka rangi siku hiyo hiyo, kabla chuma hakijaanza kushika kutu."

"Kwa stenlesi?"

"Hapana."

"Sawa," akasema. Alibaki amesimama kama mtu mwenye neno lingine, akitazama mpira uliokunjwa ukutani, kisha akaniuliza kama chumba kipya kinavuja. Nikamwambia hakivuji. Akaitikia kwa kichwa, akatoka, nami nikafungua mfuko na kuanza kujaza mtungi.